Kiroba cha chakula cha mbwa: nilivyojifunza kusoma upande wa nyuma

Bosi nilimchukua mwaka 2018 akiwa na wiki nane, Jemani Shepadi, masikio bado yameanguka, na siku hiyo hiyo nikapita duka la pembejeo za mifugo nikabeba kiroba cha kilo 20 chenye picha ya mbwa manyoya yanang'aa kasimama kwenye majani, na maandishi makubwa mekundu PROTINI 26%. Mi nilichoangalia ni hiyo namba na hiyo picha, basi. Muuzaji akaniambia dada hiki ndo kinatoka sana, wenye mbwa wa ulinzi wote wanachukua hiki. Nikalipa nikaondoka. Leo Bosi ana miaka saba, amelala hapa mlangoni, na mguu wake wa mbele wa kushoto umegeukia nje kidogo, mgeni hauoni ila mi nauona kila siku.

Ilivyokua ni hivi. Kile chakula hakukipenda, anakinusa anaondoka, akikila anaharisha au anatoa mavi mengi mno kwa mbwa mdogo kama yule, yaani nilikua nazoa mara nne tano kwa siku. Nikaona huyu mtoto anateseka, ngoja nimsaidie. Nikaanza kumchanganyia, nusu cha kiroba nusu maini ya ng'ombe na nyama ya kuchemsha isiyo na mfupa na ugali kidogo, maini kila siku kwasababu mama alikua ananiambia maini yanaongeza damu, na Bosi akawa anakula mpaka anaramba bakuli. Akanenepa, manyoya yakakaa vizuri, nikajiona nimepatia kweli kweli.

Alipofika miezi minne miguu ya mbele ikaanza kupinda. Matege kabisa. Nikadhani ni uzito, nikadhani ni sakafu ya vigae inateleza, kisha siku moja akaruka kwenye ngazi mbili tu za barazani akalia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka nasikia vibaya, na akawa hataki kukanyagia ule mguu. Nikampakia kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo.

Dokta akampiga eksirei, akaniita nione. Mifupa ilikua imefifia, haina ule weupe, karibu ifanane na nyama iliyoizunguka. Akaniuliza dada, huyu anakula nini? Nikamtajia kwa kujiamini kabisa. Akauliza kiroba kimeandikwa ni cha mbwa wa umri gani? Sikua najua. Akaniambia nenda nyumbani, pigia picha maandishi madogo ya nyuma, nitumie, na kuanzia leo hayo maini simamisha.

Nilipogeuza kile kiroba ndo nikaona, kwa herufi ndogo, kwamba ni chakula cha mbwa wakubwa. Na kalsiamu haikuandikwa popote. Dokta akanieleza kwa simu taratibu sana na namshukuru kwa hilo. Nyama tupu ina fosforasi mara 15 mpaka 20 ya kalsiamu, na maini ni zaidi ya hapo, wakati mtoto wa mbwa anatakiwa apate kalsiamu angalau sawa na fosforasi au imzidi kidogo, isipite mara mbili. Sasa damu lazima iwe na kiwango chake cha kalsiamu muda wote maana moyo na misuli vinaitegemea, kwahiyo isipopatikana kwenye bakuli mwili unaenda kuichukua kwenye mifupa, unaichota kidogo kidogo mpaka mfupa unakua kama kijiti kikavu. Mi nilikua nachukua chakula ambacho tayari kilikua hakimfai, halafu nakizimua na kitu ambacho karibu hakina kalsiamu. Na mbwa anang'aa! Hilo ndo lilinichanganya, nje alikua anapendeza ndani anabomoka.

Nikamuuliza si nimpe basi vidonge vya kalsiamu, au unga wa mifupa wa kuku kutoka kwa wafugaji, akanikataza kabisa. Kwa mbwa wa aina kubwa anaekua, kalsiamu ikizidi nayo inaharibu, kwasababu watoto wa mbwa hawana uwezo mzuri wa kuikataa ile ya ziada, inaingia tu mwilini na mifupa na viungo vinakua vibaya. Mpe chakula kamili cha watoto wa mbwa wakubwa, kimeandikwa hivo, usiongeze kitu. Wiki sita ndani ya uzio mdogo, hakuna kuruka, hakuna ngazi. Mifupa ikarudi. Ule mguu mmoja ndo haukunyooka wote.

Baada ya hapo nikawa kama mtu aliyeibiwa, kila kiroba nakigeuza. Nitaeleza nilivyoelewa, kwa lugha ya jikoni kwetu.

Kitu cha kwanza ni maji. Ukichukua unga ule ule ukapika uji na ukapika ugali, bakuli la uji lina unga kidogo kuliko bakuli la ugali, si ndio? Sasa kopo la chakula laini linaandika protini 9% na kiroba kikavu kinaandika 24%, unaona kiroba ndo kina nguvu. Angalia unyevu. Kopo lina unyevu 80%, kwahiyo chakula chenyewe ni 20 tu, 9 kati ya 20 ni 45%. Kiroba kina unyevu 10%, kimebaki 90, 24 kati ya 90 ni kama 27%. Yaani kopo limekizidi mbali. Unagawanya protini kwa kile kilichobaki ukitoa maji, unazidisha kwa 100, simu yako inatosha. Na hata vile viwango ambavyo makampuni mengi yanavifuata, vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa chakula cha mifugo cha Marekani, vinahesabiwa hivo hivo bila maji: mbwa mkubwa protini isipungue 18% na mafuta 5.5%, mtoto anaekua 22.5% na 8.5%, na kalsiamu ya mtoto isipungue 1.2%, ila kama ni wa aina itakayofika kilo 32 hivi au zaidi isivuke 1.8%. Hizo namba nimeziandika kwenye karatasi nimebandika kwenye mlango wa kabati.

Halafu hii protini yenyewe. Mi nilikua najua maabara wanaitafuta protini wanaipata. Kumbe kwenye kipimo cha kawaida wanapima naitrojeni iliyomo, wanazidisha kwa 6.25, jibu ndo linaandikwa kama protini ghafi. Kwahiyo chochote chenye naitrojeni kinahesabika. Manyoya ya kuku yana protini nyingi kwa kipimo hicho, lakini tumbo la mbwa haliwezi kuyafanyia kitu mpaka yachakatwe kwa moto na mgandamizo. Na mwaka 2007 Amerika Kaskazini paka na mbwa wengi walikufa figo zikiwa zimeshindwa, ikagundulika kwamba gluteni ya ngano, yaani protini ya ngano, iliyotoka China ilikua imetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea vitu vya plastiki, sababu ina naitrojeni nyingi na inapandisha ile namba ya protini kwenye kipimo. Mwaka uliofuata, 2008, melamini hiyo hiyo ikakutwa kwenye maziwa ya watoto kule China. Nilivyosoma hayo nikaiangalia ile 26% nyekundu kwa jicho lingine kabisa. Sisemi kile kiroba changu kilikua na sumu, sina ushahidi huo, nasema namba peke yake haikuniambia ni protini ya nini na mbwa wangu angeifaidi kiasi gani. Mavi ndo yaliniambia. Mbwa anaetoa mzigo mkubwa kila saa, chakula kinapita tu, unalipia kitu cha kuzoa kesho asubuhi.

Kwenye orodha ya vilivyomo, vinapangwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, kama kimeanza na kuku, huyo ni kuku mbichi na maji yake. Wewe unajua dagaa wabichi ndoo nzima ukiwaanika unapata nini. Nyama mbichi ni maji karibu asilimia 70, ikipikwa na kukaushwa pamoja na unga pengine ingeshuka mpaka nafasi ya tatu au ya nne. Ndo maana mi siku hizi sikikimbii kiroba kilichoandika unga wa nyama ya kuku mwanzoni, maana ule tayari umekaushwa, uzito wake ni wa kweli. Ninachokimbia ni kile kilichoandika mazao ya wanyama basi, hakisemi mnyama gani. La pili ni kugawanya. Utakuta kuku, kisha mahindi, kisha pumba za mahindi, kisha gluteni ya mahindi. Kuku kaongoza kwasababu mahindi yamekatwa vipande vitatu, yajumlishe uone nani anaongoza.

Ila tusiyachukie mahindi bure. Kuna watu wanasema mbwa ni mbwa mwitu, yule Waingereza wanamuita wolf, ale nyama tu, hapana, mbwa amekaa na binadamu miaka maelfu anakula mabaki yetu, na utafiti uliotoka 2013 ulionyesha mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Pendo, mbwa wangu mwingine, wa kienyeji, alizaliwa kwa watu wanaompa ugali na maji ya dagaa na anazo nguvu hizo. Wanga uliopikwa ukaiva unamengenyeka. Na vile viroba vya bei kali vya bila nafaka nilishawahi kuvitamani sana, mpaka niliposoma kwamba Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa, wengi wakiwa wanalishwa vyakula hivyo vyenye njegere, dengu na viazi kwa wingi. Haijathibitishwa kwamba chakula ndo chanzo, lakini mi sioni sababu ya kulipa hela mara mbili nikakwepe mahindi ambayo mbwa wangu hayamsumbui.

Bei sasa, maana najua ndo inayotuuma wote. Mi nilikua nalinganisha kwa kilo, sasa nalinganisha kwa siku. Chukua protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu, jumlisha, toa kwenye 100, kinachobaki ni wanga. Majivu ni yale madini yanayobaki chakula kikiunguzwa, wasipoandika weka 8. Kisha gramu ya protini na ya wanga kila moja ni kilokalori 3.5, ya mafuta 8.5. Kiroba cha bei ya chini nilichokua nanunua baadae kilikua na protini 18, mafuta 7, nyuzi 6, unyevu 10, majivu 9, wanga basi ni 50. Inakuja kama kilokalori 2,975 kwa kilo. Kile kizuri kina protini 28, mafuta 16, nyuzi 3, unyevu 10, majivu 7, wanga 36, inakuja 3,600. Bosi ana kilo 34, anahitaji kama 1,600 kwa siku. Kwahiyo cha kwanza anakula gramu 540, cha pili 445. Kwa kilo nilikua nanunua 3,500 na 6,500, unaona karibu mara mbili, lakini kwa siku ni kama 1,900 na 2,900. Bado kizuri ni ghali, sikatai, shilingi elfu moja kila siku ni elfu thelathini kwa mwezi na hiyo sio hela ndogo. Ila ukishajua tofauti yenyewe ni elfu moja na sio elfu tatu unaamua ukiwa na akili yako. Mi niliishia kwenye cha katikati, protini 24 mafuta 12, na sijajuta.

Kuna kosa lingine nililifanya kwenye kubana matumizi, na hili nataka watu walisikie kabisa. Mwaka 2021 hela ilikua ngumu nikaanza kununua cha kupima. Unajua vile, duka limefungua gunia, linakaa wazi, unapimiwa kilo mbili kwenye mfuko wa kaki. Ilikua masika, Dar hii mnaijua masika yake, hata chumvi mezani inalowa. Pendo akala siku kama nne, ya tano akakataa, akatapika, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, na nilipomfunua mdomo fizi zilikua za njano. Nikamwaga kile chakula chini nikakuta chini kabisa ya mfuko mabonge yameshikana na ukungu wa kijani, na harufu ya mafuta ya chipsi yaliyorudiwa rudiwa. Alilazwa, akatundikiwa dripu siku tatu. Dokta alisema ini, na kwa ule ukungu alihisi sumukuvu, hatukupima kile chakula kwahiyo hilo linabaki kuhisi kwake. Alipona.

Sumukuvu hatuihitaji kuelezewa sana sisi. Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa kwa mahindi, na wenzetu Kenya 2004 walikufa 125. Mbwa anakula punje zile zile za mahindi zilizokataliwa, tena kila siku, chakula hicho hicho kimoja, hana cha kubadilisha. Mwishoni mwa 2020 Marekani kwenyewe, wenye maabara, chakula cha mbwa kilianza kuondolewa madukani kwa sumu hii, na kufika Januari 2021 mbwa zaidi ya 70 walikua wameripotiwa kufa. Na moto wa kupikia hauimalizi hii sumu, kwahiyo kusema kimeshapikwa kiwandani haisaidii. Tangu hapo sinunui gunia lililofunguliwa, hata aniambie limefunguliwa asubuhi. Naangalia tarehe, nachukua kiroba ambacho kitaisha ndani ya wiki nne mpaka sita, nakiacha kwenye mfuko wake wenyewe nakiingiza kwenye pipa la mfuniko juu ya ubao, sio sakafuni. Mfuko siutupi mpaka chakula kiishe, maana namba ya toleo iko pale, likitokea la kutokea unajua uwaambie nini.

Kitu kingine ambacho nadhani watu wengi hawakifanyi, piga simu. Namba ipo kwenye kiroba. Mi nilipigia kampuni mbili. Nikauliza maswali manne tu: nani anapanga mchanganyiko wenu na amesomea lishe ya wanyama, kalsiamu na fosforasi ni asilimia ngapi, kilo moja ina kalori ngapi, na mahindi mnayapima sumukuvu kabla hayajaingia mashineni? Wa kwanza aliniambia dada chakula chetu ni bora wateja wote wanasifia. Nikauliza tena, akarudia hivo hivo. Wa pili akaniomba nisubiri, jioni akanitumia kwa WhatsApp karatasi yenye kila kitu, na akanieleza kila mzigo wa mahindi unapimwa kabla ya kushushwa. Hiyo simu ilinigharimu dakika sita.

Na baada ya hayo yote bado mbwa mwenyewe ndo anatoa majibu. Nikibadilisha chakula nachanganya kidogo kidogo siku saba mpaka kumi, kisha nampa wiki sita au nane ndo nahukumu. Naangalia mavi yameshikana na ni machache, manyoya hayatoki vumbi ukimpapasa, hajikuni, masikio hayanuki. Mbavu napima hivi: kunja ngumi upapase vifundo, mbavu zikiwa hivyo amekonda, geuza upapase kiganja, zikiwa hivyo amenenepa, nyoosha mkono upapase mgongo wa mkono, hivyo ndo panapotakiwa. Namfanyia kila Jumapili, Bosi ameshazoea, anasimama mwenyewe.

Juzi jirani yangu kaleta mtoto wa Jemani Shepadi wa wiki tisa, akaniita nije kumuona, na pembeni ya mlango kuna kiroba kipya, kilo 20, mbwa wa picha anang'aa, namba nyekundu. Nikamwambia shem, naomba nikigeuze. Hakikua cha watoto. Kalsiamu haipo. Tukapiga namba ya nyuma mara tatu haipokelewi. Kilikua hakijafunguliwa, nikampa funguo za gari akakirudishe, na duka likamkubalia kubadilisha akaongezea elfu kumi na nane, sasa ivi ananitumia picha ya miguu ya huyo mtoto kila Jumamosi, kwa mbele na kwa pembeni, na imenyooka.